Kikombe cha Kahawa Kazini: Wanawake Waliodai Robo Saa Yao



Wengi wetu tunatoka asubuhi kwenda kazini: maofisini, hospitali, skuli, hotelini, madukani. Wengine kazi zao ziko hapo hapo nyumbani, kwenye cherehani au kwenye vitafunio vya biashara. Na karibu kila penye kazi ya watu wengi pana ile saa inayojulikana, saa nne. Chupa ya chai inafunguliwa, maandazi yanatolewa kwenye mfuko, na mtu anaita, "Jamani, hamji kunywa chai?" Wapo wanaoitikia. Na yupo yule anayejibu bila kuinua macho, "Kunyweni tu nyinyi, mie kazi zimenizidi."

Huyo wa pili ndiye anayeonekana mchapakazi. Leo nataka tuitazame historia ya hiyo robo saa, maana historia haimuungi mkono. Mapumziko ya kahawa au chai kazini hayakuletwa na wavivu. Yana mizizi kwa watu waliotaka kukesha katika ibada, yakadaiwa na wanawake wenye watoto na nyumba za kuangalia, na mwisho yakafikishwa mahakamani. Na kila yalipopita yameacha fundisho lile lile: kikombe kina faida yake, lakini faida kubwa iko kwenye kukaa pamoja.

Yalianzia kwenye dhikri

Mbuni asili yake ni nyanda za juu za Ethiopia, lakini desturi ya kunywa kahawa kama tunavyoijua ilikomaa Yemen katika karne ya 15. Neno lenyewe, kahawa, tumelipata kwa Waarabu, na wao huita qahwa. Walioipa kahawa nafasi ya kwanza ni masufi. Wengi wao hawakuwa watu waliojitenga na dunia. Mchana walikuwa na shughuli zao kama watu wengine, usiku wakikusanyika kwa dhikri, na kahawa iliwasaidia kuushinda usingizi.

Mwanzoni mwa karne ya 16 kahawa ilikuwa imeshafika Makka na Kairo. Mwandishi Abd al-Qadir al-Jaziri, aliyeandika juu ya kahawa katikati ya karne hiyo, ametuhifadhia habari ya Wayemeni waliokuwa wakiishi katika sehemu yao hapo Al-Azhar, Kairo. Kila usiku wa kuamkia Jumatatu na wa kuamkia Ijumaa walitia kahawa katika chombo kikubwa cha udongo mwekundu. Kiongozi wao akaichota kwa kata ndogo na kuwapa, akianzia kulia, huku dhikri ikiendelea.

Hebu liangalie jambo hilo kwa makini. Chombo kimoja, wakati mmoja, kila mtu na zamu yake, na kiongozi ndiye anayewanywesha wenziwe. Hakuna aliyechukua chake akaenda kujifungia. Na kahawa ile haikuwatoa katika walilokusudia, bali iliwawezesha kulifikisha mwisho wakiwa pamoja. Leo wataalamu wa mambo ya kazi wanapozungumzia moyo wa timu, wanakizungumzia kitu ambacho wale watu walikuwa nacho kwa kata moja na nia moja.

Wakubwa waliogopa kikao kuliko kinywaji

Mwaka 1511 palitokea zogo kubwa Makka. Khair Beg, ofisa wa dola ya Mamluki aliyesimamia masoko na maadili ya mji, aliwakuta watu usiku karibu na Msikiti wamekusanyika wakinywa kahawa. Hakupendezwa. Akaitisha wanazuoni, wakaja na matabibu kutoa ushahidi, na kahawa ikapigwa marufuku na kuchomwa moto. Habari zikapelekwa kwa Sultani huko Kairo. Majibu yaliyorudi hayakuiharamisha kahawa yenyewe. Yalikemea mikusanyiko ya mambo yasiyofaa tu, na ile marufuku haikudumu.

Zaidi ya miaka mia na sitini baadaye, jambo kama hilo likajirudia mbali kabisa, Uingereza. Desemba 1675 Mfalme Charles wa Pili alitoa tangazo la kufunga nyumba zote za kahawa kwa sababu watu walikuwa wakikaa humo na kuzungumza habari za utawala wake. Malalamiko yakawa makubwa, na Januari 1676, kabla ya siku ya kufunga kufika, akarudi nyuma.

Tawala mbili, dini mbili, hofu moja. Wote wawili walijua kwamba watu wakikaa pamoja penye kikombe huanza kuzungumza, na wakizungumza hujuana, na wakijuana huweza kufanya jambo.

Na kweli walifanya. Katika miaka ya 1680 mtu aitwaye Edward Lloyd alikuwa na nyumba ya kahawa London, karibu na mto wa Thames. Wateja wake walikuwa manahodha, wenye meli na wafanyabiashara. Walipokuwa wakinywa kahawa walipashana habari: meli gani imefika, ipi imechelewa, ipi imezama. Kutokana na mazungumzo hayo wakaanza kukatiana bima za meli na shehena. Kikao hicho ndicho kilichozaa Lloyd's of London, soko la bima ambalo lipo hadi leo. Hakuna bosi aliyewaitia mkutano wala aliyewagawia ajenda. Walikuwa wanakunywa kahawa tu.

Na sisi wanawake tulikuwa wapi?

Tulikuwa jikoni, dada yangu. Nyumba za kahawa za Istanbul, zilizofunguliwa katikati ya miaka ya 1550, zilikuwa za wanaume. Wanawake wa huko walikunywa kahawa majumbani na kwenye hamamu. Mpaka leo Uturuki, posa inapopelekwa, binti huandaa kahawa kwa wageni, na ipo desturi ya kumtilia bwana harusi chumvi kwenye kikombe chake ili ionekane ana subira kiasi gani.

Kwetu hapa mambo hayako mbali na hayo. Muuza kahawa na dele lake la shaba, makaa chini na vikombe vidogo mkononi vikigonganishwa, anawafuata wanaume barazani. Wao ndio wanaokaa na kahawa chungu na kashata zao, wakaijadili dunia mpaka isha. Mwanamke kahawa anaijua vizuri sana. Anaikaanga, anaitwanga, anaipika, anaimimina na anaipeleka na halua kwenye sinia siku ya ndoa. Kumkirimu mgeni ni katika mafunzo ya dini yetu na wala halina ubaya. Kasoro inakuja pale anayemimina siku zote anapokuwa hakai hata siku moja.

Tabia hiyo tunaibeba mpaka kazini. Mara ngapi chai ya ofisi nzima inaandaliwa na dada mmoja, vikombe vinaoshwa na yeye, halafu wenzake wanapokaa yeye anarudi kwenye kazi zake zilizomngoja? Kwa hesabu ya bosi huyo naye amepumzika. Kwa hesabu ya mwili wake amefanya kazi mbili.

Ndiyo maana nimependa kuwaletea visa viwili kutoka Marekani. Humo wanawake hawakuwa wamiminaji. Wao ndio waliodai kukaa.

Wanawake wa Stoughton

Kisa cha kwanza ni cha mji mdogo wa Stoughton, jimbo la Wisconsin. Mwishoni mwa karne ya 19 palikuwa na wahamiaji wengi kutoka Norwei. Wenyeji wanasimulia kwamba katika miaka ya 1880 wanaume wengi walikuwa wameajiriwa kwenye kiwanda cha magari ya kukokotwa na farasi, na mfanyabiashara mmoja wa tumbaku, Osmund Gunderson, akakosa watu wa kazi ghalani kwake. Akawaendea wake zao.

Wale wanawake hawakukataa, ila walitoa sharti. Watafanya kazi, lakini asubuhi na tena mchana waachiwe muda wa kurudi nyumbani, waangalie watoto, waangalie sufuria jikoni, na wanywe kahawa yao. Gunderson akakubali. Hadi leo mji huo unasherehekea kila mwaka, mwezi wa Agosti, na kujitaja kuwa ndipo mapumziko ya kahawa yalipozaliwa. Ipo miji mingine ya Marekani inayodai sifa hiyo hiyo, na kuamua nani wa kwanza si kazi yetu leo.

Linalonigusa mimi ni namna walivyodai. Hawakungoja waanze kazi, wachoke, ndipo walalamike. Walizungumza kabla ya kuanza, wakiwa wengi, na wakalitaja wazi wanalolihitaji na sababu yake. Bibi harusi wangu, hata kwenye posa tunaambiwa masharti hutajwa kabla ya kufunga ndoa. Mkataba wa kazi nao una wakati wake wa kuulizana.

Kesi ya Denver

Kisa cha pili kimeandikwa mahakamani. Denver, jimbo la Colorado, palikuwa na kiwanda kidogo cha kufuma tai, Los Wigwam Weavers, na mwenyewe akiitwa Phil Greinetz. Vilipokuja Vita vya Pili vya Dunia, vijana wake wakaondoka. Akaajiri wanaume wazee, lakini kazi ile ilitaka mikono myepesi na haikutoka vizuri. Akaajiri wanawake wa makamo. Hao kazi waliiweza, ila hawakuweza kuimaliza siku. Walichoka kabla ya jioni.

Greinetz akafanya jambo ambalo mabosi wengi hawalifanyi: akakaa na wafanyakazi wake, akawauliza. Wao wakampa ushauri. Tupe robo saa asubuhi na robo saa mchana, pawepo kahawa na chai. Akajaribu, na kazi ikabadilika. Wanawake wale wakawa wanatoa kwa saa sita na nusu kazi waliyoitoa wale wazee kwa saa nane. Alipoona hivyo akaifanya robo saa ile kuwa lazima kwa kila mtu.

Lakini hakuilipia. Nusu saa hiyo ya kila siku aliikata kwenye mshahara, kwa hoja kwamba mtu anayekunywa kahawa hafanyi kazi. Wizara ya Kazi ya Marekani ikamshitaki, na mwaka 1956 mahakama ya rufaa ikatoa hukumu. Ilisema kwamba mapumziko yale yanamfaa mfanyakazi, ni kweli, lakini yanamfaa na mwajiri vile vile, kwa kuwa ndiyo yaliyoongeza kazi inayotoka kiwandani. Kwa hiyo ni saa za kazi na lazima yalipwe. Baadaye kanuni za kazi za serikali ya Marekani zikaweka wazi kwamba mapumziko mafupi, ya dakika 5 hadi kama 20, yanahesabiwa kuwa muda wa kazi.

Tunachojifunza hapa kina uzito. Ushahidi uliotumika dhidi ya Greinetz ulitoka kwenye mafanikio yake mwenyewe. Yeye ndiye aliyeona kuwa kazi imeongezeka, na yeye ndiye aliyewalazimisha wapumzike kwa sababu ya faida aliyoiona. Asingeweza tena kusema mapumziko yale yalikuwa yao peke yao.

Kwa nini wote kwa wakati mmoja?

Mpaka hapo tumeona kuwa mapumziko yanarudisha nguvu. Je, hiyo timu inatoka wapi? Maana mtu anaweza kupumzika peke yake na simu yake.

Jibu zuri limetoka kwa Alex Pentland, profesa wa chuo kikuu cha MIT, aliyechunguza kituo cha simu cha benki moja kubwa ya Marekani na kuyaeleza matokeo yake mwaka 2012. Wafanyakazi wa vituo kama hivyo hupokea simu za wateja kutwa nzima, na utaratibu wa kawaida ni kuwapa mapumziko kwa zamu, mmoja mmoja, ili simu zisikose wa kuzipokea. Ukiutazama harakaharaka unaona ni utaratibu wa busara. Pentland na wenzake waliwavisha wafanyakazi vifaa vidogo vilivyoonesha nani anazungumza na nani na kwa muda gani, bila ya kurekodi wanachokisema. Wakagundua kwamba kilichotofautisha timu nzuri na timu dhaifu ni mazungumzo yao nje ya mikutano rasmi.

Akamshauri meneja abadilishe jambo moja tu: kila timu iende mapumziko ya kahawa pamoja. Muda wa kumhudumia mteja mmoja, ambao ndio kipimo cha kazi yao, ukapungua kwa zaidi ya asilimia 20 katika timu zilizokuwa nyuma, na kwa asilimia 8 kituo kizima. Meneja akaamua kuupeleka utaratibu huo katika vituo vyake vyote 10, akitarajia faida ya dola milioni 15 kwa mwaka.

Ukifikiri utaona sababu yake haina uchawi. Penye kikombe ndipo mtu anaposema, "Leo nimepata mteja mgumu, hivi wewe ungemfanyaje?" Swali hilo halipelekwi kwenye kikao cha mkuu, maana mtu anaogopa kuonekana hajui. Linaulizwa mdomoni mna andazi. Na mwenzake anamjibu vile vile, bila ya kumdharau. Mgeni wa kazi anajifunza zaidi hapo kuliko kwenye mafunzo ya wiki nzima. Na siku mmoja akifiwa au mtoto akiugua, wenzake wanajua, wanamshikia zamu, kwa sababu walishakula naye.

Sisi tufanye nini?

Kwanza, tujue haki zetu. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano mapumziko ya angalau dakika 60, na mama anayenyonyesha apewe muda wa kumnyonyesha mtoto hadi saa mbili kwa siku. Zanzibar tuna sheria yetu, Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005. Isome, na usome mkataba wako kabla ya kutia saini. Kikombe cha saa nne mara nyingi kinategemea desturi na maelewano ya pale kazini, na maelewano huletwa na watu waliozungumza, kama wale wa Stoughton.

Pili, tusikione kupumzika ni kumkhini mwajiri. Tukumbuke kisa cha Salman na Abu Dardaa (Allah awe radhi nao). Abu Dardaa alikuwa akifunga mchana na kusimama usiku mpaka mkewe, Ummu Dardaa, akawa hana habari naye. Salman alipomtembelea akamkumbusha kuwa kila chenye haki kipewe haki yake: Mola wake, nafsi yake na watu wa nyumbani kwake. Mtume (S.A.W.) alipoelezwa, akasema Salman amesema kweli. Ikiwa ibada ya sunna ina mpaka, sembuse makaratasi ya ofisi?

Tatu, na robo saa nayo ni amana. Aliyepewa dakika 15 akachukua 45 amekula cha mtu. Na tuchunge ndimi. Kikao cha chai kinaweza kujenga timu, na kinaweza kuibomoa siku hiyo hiyo kikigeuka cha kumsengenya aliyebaki mezani. Anayekuja mara ya kwanza akikukuteni mnamla nyama mwenzenu, atajua kesho ni zamu yake, na hatakuulizeni tena swali lolote la kazi.

Nne, tupokezane kumimina. Leo fulani anapika na kuosha, kesho fulani, na mkuu wa kitengo naye awemo. Yule kiongozi wa Al-Azhar alishika kata mwenyewe na heshima yake haikupungua.

Tano, asiyekunywa kahawa asijitenge. Mja mzito anashauriwa kupunguza kahawa, na ipo chai ya tangawizi au ya mchaichai. Ramadhani ikifika, vikombe vyote vinafunikwa, lakini hakuna kinachotuzuia kukaa dakika chache baada ya adhuhuri na kuulizana hali. Ukiona kikao chenu kimekufa kwa sababu hakuna chai, jua mlikuwa mkiifuata chai.

Na wewe bibi harusi unayeanza maisha mapya, nyumba nayo ni mahali pa kazi, na wewe na mumeo ni timu. Utamtengenezea kahawa, inshaAllah, na atafurahi. Basi weka vikombe viwili kwenye sinia, ukae naye. Yatakayozungumzwa hapo, kodi, wazazi, watoto, uchovu wa siku, hayatapata nafasi nyingine nzuri kuliko hiyo. Mazowea ya mwezi wa kwanza ndiyo yanayodumu, na mwanamke aliyezoea kumimina akiwa amesimama husahaulika kuwa naye ana miguu.

Namuomba Allah atie baraka katika kazi zetu, atupe wenza wema na wenzetu kazini wenye nyoyo safi, na azijaalie saa zetu za kazi na za mapumziko ziwe mizani ya kheri. Aamin.